Dalili za mwanzo za mimba: namna ya kuzitambua na kuzihakikisha

Katika wiki za mwanzo hakuna dalili hata moja ya mwili ambayo peke yake inatosha kuthibitisha mimba. Matiti kuuma, uchovu, tumbo kujaa, hasira za ghafla: yote haya huja pia siku chache kabla ya hedhi, na chanzo chake ni kilekile. Yai likishapevuka na kutoka, mwili huzalisha homoni ya projesteroni kwa wingi, iwe mimba imetunga au haijatunga. Ndiyo maana mwanamke anayetafuta mtoto kwa hamu anaweza kuhisi dalili zote mwezi baada ya mwezi bila mimba kuwapo, na mwingine akafika mwezi wa tatu wa ujauzito bila kushuku chochote.

Tofauti hujitokeza siku ambayo hedhi ilitakiwa ianze. Kama hakuna mimba, projesteroni hushuka, dalili hupungua na damu hutoka. Kama mimba ipo, projesteroni hubaki juu na dalili huendelea au kuzidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua siku hiyo.

Anza na kalenda

Andika tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, yaani siku damu ilipoanza kutoka sawasawa, si matone ya siku iliyotangulia. Kisha rudi nyuma kwenye hedhi tatu au nne zilizopita, uhesabu siku kutoka mwanzo wa moja hadi mwanzo wa nyingine. Huo ndio mzunguko wako. Siku 28 ni wastani tu. Kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida.

Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya ile iliyopita. Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Chukua wanawake wawili ambao hedhi ya mwisho ya kila mmoja ilianza tarehe 3 Machi. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka kama tarehe 17 Machi na hedhi hutarajiwa tarehe 31 Machi. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka kama tarehe 24 Machi na hedhi yake hutarajiwa tarehe 7 Aprili. Wote wawili wakipima tarehe 1 Aprili, kipimo cha wa kwanza kitakuwa na cha kuonyesha ikiwa ana mimba. Wa pili huenda ndiyo kwanza mimba inajishika kwenye mfuko wa uzazi, na kipimo kitamwambia hana. Si kwamba kipimo ni kibovu; amepima kwa kalenda ya mtu mwingine.

Yai huishi saa 12 hadi 24 tu baada ya kutoka, lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo tendo la ndoa lililofanyika siku kadhaa kabla ya yai kutoka linaweza kabisa kuleta mimba. Baada ya yai kurutubishwa, hupita siku 6 hadi 12 tangu yai lilipotoka kabla mimba haijajipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Kabla ya hapo homoni ya mimba, hCG, haijaanza kuingia kwenye damu ya mama. Kichefuchefu cha siku ya pili au ya tatu baada ya tendo hakiwezi kuwa cha mimba hiyo.

Jambo jingine linalochanganya watu: kliniki huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku mimba ilipotunga. Siku unayokosa hedhi, kwa hesabu hiyo mimba tayari ina wiki 4, ingawa imetunga wiki 2 zilizopita. Wanandoa wamewahi kugombana kwa sababu ya hizo wiki mbili bila sababu yoyote.

Dalili, kwa mpangilio wa kujitokeza kwake

Matone ya damu ya kujipandikiza kwa mimba yanaweza kuonekana siku chache kabla ya hedhi au karibu na tarehe yake. Wanawake wengi hawayapati kabisa, kwa hiyo kutoyaona si ishara ya chochote. Yakija, huwa ya rangi ya waridi au kahawia, huchafua nguo ya ndani au karatasi ya chooni bila kujaza pedi, hayana mabonge, na huisha ndani ya siku 1 au 2. Hatari yake ni kuhesabiwa kuwa hedhi. Ikiwa hedhi yako ya mwisho ilikuwa nyepesi na fupi kuliko kawaida yako, pima mimba hata kama unaamini uliipata, na ukifika kliniki taja tarehe zote mbili: ya hiyo na ya ile ya kabla yake.

Matiti hubadilika mapema. Hujaa, huwa mazito, chuchu huuma hata zikiguswa na nguo. Maumivu ya kabla ya hedhi huisha damu inapoanza. Ya mimba huendelea. Baadaye kidogo huja mabadiliko ambayo hedhi haina: duara la kuzunguka chuchu huanza kuwa jeusi na pana zaidi, vipele vidogo juu yake hutokeza, na mishipa ya damu huonekana kwa urahisi chini ya ngozi. Kwa mimba ya kwanza mabadiliko haya yana uzito zaidi. Aliyekwisha kuzaa huenda weusi huo ulibaki tangu mimba iliyopita.

Kukosa hedhi ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote, kwa sharti moja: mzunguko wako uwe unatabirika. Ukiwa na hedhi inayofika kwa tofauti ya siku 2 au 3 tu kila mwezi, kuchelewa kwa wiki moja ni sababu tosha ya kupima. Kama hedhi zako hurukaruka, kuchelewa hakukuambii kitu, na utatumia kanuni nyingine iliyoelezwa chini. Kumbuka pia kwamba hedhi hukatika kwa mambo mengine: msongo wa mawazo, kupungua uzito kwa kasi, mazoezi makali, kunyonyesha, matatizo ya tezi ya shingo, vifuko vingi vya mayai kwenye ovari, kukaribia ukomo wa hedhi, na njia za uzazi wa mpango zenye homoni.

Uchovu wa mimba changa ni wa aina yake. Mtu analala usiku kucha na bado anasinzia mchana akiwa ameketi. Projesteroni ndiyo inayolegeza mwili hivyo, na ndiyo hiyohiyo inayopunguza kasi ya utumbo, ndiyo maana tumbo hujaa gesi na choo kuwa kigumu. Lakini uchovu unaoambatana na homa usiuite wa mimba. Mimba haileti homa, na homa kwa mjamzito inahitaji kupimwa na kutibiwa haraka, si kuvumiliwa.

Kichefuchefu kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 4 na ya 7, yaani siku chache hadi wiki tatu hivi baada ya kukosa hedhi. Hufikia kilele karibu na wiki ya 9, na wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na ya 16. Watu hukiita cha asubuhi, ila huja saa yoyote, na kwa wengine huja jioni tu. Kuna wanaotapika na kuna wanaosikia kichefuchefu bila kutapika, na kuna wasioguswa kabisa. Kutokuwa na kichefuchefu hakumaanishi mimba ina tatizo. Kikianza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9, mwambie mhudumu wa afya, maana huenda kuna sababu nyingine. Pamoja nacho huja pua kali: harufu ya sabuni, ya mafuta ya kupikia au ya mwenzi wako ambayo jana haikukusumbua leo inakufukuza. Wengine hupata ladha ya chuma mdomoni, mate mengi, au hamu ya kula vitu visivyo chakula kama udongo. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo itaje kliniki bila aibu ili damu ipimwe.

Kukojoa mara kwa mara huanza mapema kwa sababu damu inayopita kwenye figo huongezeka. Kipimo cha kutofautisha ni rahisi: mkojo wa mimba hauumi. Ukichoma, ukinuka vibaya au ukiwa na damu, hayo ni maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mjamzito lazima yatibiwe kwa sababu hupanda hadi kwenye figo kwa urahisi.

Maumivu mepesi chini ya tumbo, kama ya hedhi inayotaka kuanza, ni ya kawaida na huwadanganya wengi kwamba damu iko njiani. Kwa wanaopima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, joto hupanda kidogo baada ya yai kutoka, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi. Likibaki juu siku 18 au zaidi bila hedhi, uwezekano wa mimba ni mkubwa.

Tumbo kubwa si dalili ya mwanzo. Mfuko wa uzazi hubaki ndani ya nyonga hadi karibu wiki ya 12, kwa hiyo tumbo linalotokeza katika wiki ya 5 ni gesi. Mtoto kucheza nako huanza kusikika kati ya wiki ya 16 na ya 20, mapema zaidi kwa aliyewahi kuzaa.

Kupima kwa mkojo nyumbani

Kipimo cha mkojo hutafuta hCG. Vipimo vingi vya duka la dawa huanza kuonyesha homoni hiyo ikifika uniti 25 hivi kwa lita moja ya mkojo. Kiwango huwa kimeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Mwanzoni hCG huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku 2 hadi 3. Tuseme leo una uniti 6: kesho kutwa ni kama 12, siku 4 baadaye ni 24, siku 6 baadaye ni 48. Ndiyo sababu mtu yuleyule hupata "hapana" Jumatatu na "ndiyo" Jumapili.

Pima kuanzia siku ya kwanza ya kukosa hedhi. Ukiweza kungoja wiki moja baada ya hapo, jibu litakuwa la kuaminika zaidi. Kama huijui tarehe ya hedhi, au mzunguko wako haueleweki, pima siku 21 baada ya mara ya mwisho kufanya tendo la ndoa bila kinga. Kanuni hiyo humfaa pia aliyemeza vidonge vya dharura, kwani vidonge hivyo huweza kusogeza hedhi mbele au nyuma.

1. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na hakikisha pakiti haijatoboka. Unyevu huharibu kijiti kabla hakijatumika.
2. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, hasa ukiwa unapima mapema. Umekaa kibofuni usiku kucha, hivyo hCG iko nyingi. Usinywe maji mengi ili upate mkojo haraka. Utaufanya mwepesi hadi homoni isionekane.
3. Kinga mkojo kwenye chombo safi na kikavu, kisicho na mabaki ya sabuni.
4. Fungua pakiti wakati huohuo wa kupima. Chovya ncha yenye mishale hadi kwenye mstari wa kikomo, usiupite, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye maelezo.
5. Laza kijiti mahali palipo sawa, anza kuhesabu muda. Vipimo vingi husomwa ndani ya dakika 3 hadi 5.
6. Kisome ndani ya muda huo. Baada ya dakika 10 kitupe, hata kama kinaonekana kimebadilika.

Mstari mmoja kwenye herufi C: kipimo kimefanya kazi, hCG haijaonekana. Mistari miwili, C na T: una mimba, hata kama mstari wa T ni hafifu, mradi una rangi na ulitokea ndani ya muda. C isipotokea, kipimo hicho hakina maana; chukua kingine. Mstari wa kijivu usio na rangi, unaojitokeza baada ya mkojo kukauka, ni alama ya unyevu ulioondoka na si jibu. Kijiti kilichookotwa kwenye taka baada ya saa mbili kimewatia watu wengi furaha au hofu isiyo na msingi.

Jibu likiwa "hapana" na hedhi haijaja, rudia baada ya siku 3, kisha baada ya wiki moja. Vipimo vitatu vyote vikisema hapana ndani ya wiki mbili na damu bado haijatoka, nenda kituo cha afya kutafuta sababu nyingine ya hedhi kukatika.

"Ndiyo" ya uongo ni nadra, lakini ina sababu zake: mimba iliyoharibika au kuzaa wiki chache zilizopita, sindano za hCG zinazotumika katika matibabu ya ugumba, na magonjwa machache yanayozalisha homoni hiyo. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni mimba ya kweli iliyoharibika siku chache tu baada ya kutunga. Kipimo kinaonyesha mistari miwili, wiki inayofuata damu inatoka na kipimo kinarudi kuwa na mmoja. Hilo halikusababishwa na kazi, safari wala tendo la ndoa. Mara nyingi ni kasoro ya vinasaba katika yai lililorutubishwa.

Kuhusu chumvi, sukari, sabuni na dawa ya meno zinazosifiwa kupima mimba: achana nazo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotambua hCG. Povu linalotoka kwenye dawa ya meno linatokana na uchachu wa mkojo, na mkojo wa mwanamume unaweza kulitoa vilevile.

Wenye hali za pekee

Anayenyonyesha anaweza kupata mimba kabla hedhi haijarudi, kwa sababu yai la kwanza hutoka kabla ya damu ya kwanza. Kunyonyesha hukinga vizuri ikiwa tu mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijaonekana. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, usitegemee.

Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango huenda asipate hedhi kwa miezi mingi, hata baada ya kuiacha. Kukosa damu peke yake hakumwambii kitu. Akichelewa kurudia sindano na akapata dalili nyingine, apime. Mwenye kitanzi akikosa hedhi asiyoizoea kukosa, apime mapema: mimba na kitanzi kwa pamoja ni nadra, lakini zikitokea, uwezekano wa mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi huwa mkubwa zaidi.

Dalili zisizosubiri

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija, nayo huleta matiti kuuma, kichefuchefu na mistari miwili kwenye kipimo. Kipimo cha mkojo hakijui mimba imekaa wapi. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo na mama anaweza kufa. Nenda hospitali saa hiyohiyo ukiwa umekosa hedhi, au kipimo kimesema ndiyo, na una lolote kati ya haya: maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega ambayo hukuyasababisha kwa kazi wala kulala vibaya, kizunguzungu, jasho jembamba au kuzimia, kutokwa damu pamoja na maumivu. Usingoje asubuhi. Aliyewahi kupata mimba ya aina hiyo, maambukizi ya mirija au upasuaji wa mirija aonwe mapema hata bila maumivu.

Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, au kutapika hadi maji hayakai tumboni kwa siku nzima na mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, hayo pia ni ya hospitali. Kutapika kunakokupunguzia uzito kwa asilimia 5 au zaidi si "mimba ngumu" ya kuvumilia; kuna dawa na maji ya mshipani.

Ukishashuku, kabla ya jibu

Ishi kana kwamba mimba ipo. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga karibu siku 28 baada ya mimba kutunga, wakati ambapo wengi ndiyo kwanza wanajiuliza. Asidi ya foliki ya mikrogramu 400 kwa siku hupunguza hatari ya mfereji huo kubaki wazi, na inafaa hata kuanza kabla ya kutafuta mimba, kisha kuendelea hadi wiki ya 12. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa au aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa kuandikiwa. Acha pombe na sigara. Usimeze dawa ya kununua bila kumwambia muuzaji kwamba huenda una mimba, na sema hivyohivyo kabla ya kupigwa eksirei.

Kama una dawa ya kila siku ya kifafa, shinikizo la damu, kisukari au VVU, usiiache kwa uamuzi wako. Baadhi ya dawa, kama valproeti ya kifafa, zina madhara kwa mtoto na huenda zikabadilishwa, lakini kifafa kisicho na dawa kinaweza kuwaua wote wawili. Mwone aliyekuandikia, wiki hiyohiyo.

Kwenda kuthibitisha

Peleka tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho, urefu wa mzunguko wako, tarehe ya kipimo na majina ya dawa unazotumia. Kwa tarehe ya kujifungua, chukua siku ya kwanza ya hedhi, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3: hedhi ya tarehe 3 Machi hutoa tarehe 10 Disemba. Mwenye mzunguko wa siku 35 aongeze siku 7 nyingine, kwa kuwa yai lake lilichelewa kwa wiki.

Kama hukuipanga mimba hii au una wasiwasi nayo, nenda mapema vilevile na uombe kuzungumza na mhudumu faragha. Kila uamuzi unaofuata unategemea umri sahihi wa mimba.

Ultrasaundi ya kupitia ukeni huanza kuona kifuko cha mimba karibu wiki ya 5, na mapigo ya moyo kati ya wiki ya 6 na ya 7. Ya juu ya tumbo huchelewa kwa karibu wiki moja. Ukiifanya wiki ya 5 na usione moyo, mara nyingi ni mapema tu. Rudi baada ya siku 7 hadi 14. Omba pia kundi lako la damu lipimwe. Likiwa Rh hasi, yaani lenye alama ya kutoa kama O- au A-, liandike kwenye kadi yako na ulitaje kila unapotokwa damu, maana huenda ukahitaji sindano ya kuzuia mwili usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, na sindano hiyo inatakiwa itolewe ndani ya saa 72 tangu damu ianze kutoka.